Mlaji wa Nyumba ya Mwisho

Bakuli la mpiga chapa lilirudi likiwa la moto. Fundi cherehani alilipokea mlangoni mwa nyumba ya mwisho mtaani, akalibana kwapani kama kawaida yake, na kabla hajafika hatua ya tatu ikabidi alitupie kapuni. Lilikuwa tupu, limeoshwa likatakata, lakini lilichoma kama limeepuliwa sasa hivi, na lilinuka nywele zilizoungua.

"Mzee kapasha maji," alijiambia, akaenda zake. Mwenye mabakuli kumi na mawili ya kugawa na kukusanya hana nafasi ya kushangaa.

Chakula kilikuwa cha wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mtaa ulimwita Matroni, kwa sababu alistaafu kazi ya kulinda bweni la wasichana lakini bweni lenyewe hakulitoa kichwani. Kila siku adhuhuri Matroni aliwapikia wagonjwa, wazee na wasiojiweza, kwa hiari yake, bure kabisa, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Fundi alimenya, akaosha sufuria, akapeleka. Matroni alipakua na kusema.

Na kusema kwenyewe!

"Hili la mama pacha. Kuzaa anajua, kulisha hajui." Pwaa, upawa wa maharage. "Hili la seremala. Kaanguka kutoka paani. Hata mimi ningekuwa paa ningemtupa." Pwaa. "Na hili la mpiga chapa. Miaka arobaini kawachapia watu vitabu, mwenyewe hana hata daftari."

Fundi alifunika mabakuli. Alikuwa mjane, analala chumba cha nyuma kwa hisani, na anayelala kwa hisani hujifunza kumeza. Pa kutemea palikuwa mahali pamoja tu: mlangoni kwa mpiga chapa. Mlango ule ulifunguliwa upana wa shubiri, mkono ukatoka gizani kupokea bakuli, na sauti ikauliza polepole, "Leo kasema nini?"

Siku ya kwanza alidhani ni upweke wa uzee, akamwambia. Sauti ilicheka kicheko kikavu, kama karatasi inayochanwa. Siku ya pili akamwigizia Matroni na midomo yake alivyoibetua. Baada ya wiki moja Fundi alikuwa akiharakisha nyumba nyingine zote ili awahi pale, na ukweli usemwe, ilikuwa tamu.

Siku bakuli lilipomuunguza ndipo alipoufikiria ule mkono. Vidole vyake vinne vilikuwa na urefu mmoja.

"Wifi," alinong'ona jikoni, "yule mzee simwelewi. Twende tukamwone."

"Ana nini cha kuonwa?" Matroni alicheka kwa pua. "Bakuli linakwenda limejaa, linarudi tupu. Basi ni mzima. Usinitafutie majeneza."

Kesho yake, jua likiwa utosini, wote wawili wameketi barazani wakichagua mawe kwenye maharage, walisikia mtu akikwangua sufuria jikoni. Kwaruu, kwaruu, bila haraka. Matroni alidhani paka. Fundi alichungulia. Sufuria ilikuwa juu ya jiko, imejaa, mfuniko uko pale pale, hakuna paka wala mtu, na bado kukwangua kuliendelea, kwaruu, kwaruu, kukitoka ndani ya chakula kizima ambacho mvuke wake ulinuka nywele zilizoungua, na kati ya mkwaruzo na mkwaruzo kulikuwa na kimya kifupi kama cha mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

Alipakia kapu, akapeleka.

Aliporudi, hazikupita dakika ishirini mama pacha alifika barazani, mtoto mgongoni, bakuli mkononi. Nyuma yake seremala, akichechemea kwa magongo.

"Matroni," alisema mama pacha, "naomba nifungue hapa mbele yako."

Akafunua. Kutoka kwenye maharage ilipanda sauti ya Matroni, ile ile, na kebehi yake yote: *Kuzaa anajua, kulisha hajui.* Seremala akafunua lake. *Ningekuwa paa ningemtupa.*

"Mimi sikukuomba," seremala alisema taratibu. "Ulikuja mwenyewe." Akamwaga chakula kwenye mtaro.

Uso wa Matroni uligeuka kama majivu. Alimgeukia Fundi. "Nani mwingine uliyempelekea maneno yangu?"

"Mpiga chapa," alisema Fundi. "Peke yake, wifi. Wallahi."

Matroni alivaa kandambili, akashika njia. Fundi alimfuata mbio. Mlango wa nyumba ya mwisho haukuwa umefungwa, ulisukumika wenyewe, na ndani mlikuwa na giza la adhuhuri ambalo halikustahili kuwamo, na joto, na harufu iliyowashika kooni, na macho yalipozoea wakamwona mpiga chapa amekaa mezani, amekauka kama samaki, amekufa siku nyingi kiasi cha kutojulikana ni ngapi, na mbele yake, mezani, sakafuni, mpaka kwenye magoti yake, chakula chote walichompikia kimerundikwa tabaka juu ya tabaka, cha chini cheusi, cha juu bado kinatoa mvuke, na hakuna hata punje moja iliyoonjwa.

Nyuma ya pazia mtu alichezesha ulimi mdomoni kama aliyeshiba.

"Ombaomba hawa," ilisema sauti ya Matroni kutoka kule, "hata kufa wanakufa kivivu."

Matroni alifungua kinywa. Sauti haikutoka, kwa kuwa ilikuwa tayari imetumika. Akaanguka pale pale.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mfupi muuza sabuni, asiye na makuu. Aliizunguka nyumba ile na maji ya chumvi na kisomo, akafungua madirisha yote, akagombeza kama anayefukuza mbuzi shambani, mpaka kitu kikapita juu ya vichwa vyao kwa upepo wa moto na vioo vikatetemeka.

"Kimekwenda," alisema, akijifuta mikono. "Wala si jini mkubwa. Ni mlafi tu. Nyama hali, damu hali, hula dharau. Msimpe, hatarudi."

Mpiga chapa alizikwa. Matroni hakupata tena sauti. Alikaa pembeni mwa jikoni, shali mabegani. Mapishi yakawa ya Fundi, na mtaa ukamshukuru. Mama pacha alikuja kumenya viazi. Seremala alitengeneza rafu. Chakula kilikuwa chakula, kilikaa kimya kwenye mabakuli yake.

Mwezi ulipita. Mchana mmoja Fundi alikuwa peke yake na wifi yake, akimpakulia uji. Matroni alikunywa kwa pupa, ukamchuruzika kidevuni, ukadondokea shali. Fundi alimtazama, na ya miaka mingi yakampanda kifuani. Akainama karibu na sikio lake.

"Mtu mzima mdomo unavuja," alisema kwa upole. "Na ulikuwa ukituhesabia vijiko."

Matroni alifumba macho, chozi likamtoka.

Nyuma ya Fundi, karibu kabisa na shingo, mtu alimeza funda.

Alijua ni nani. Alijua pia la kufanya: kuufunga mdomo wake, basi. Akachukua kijiko, akaukoroga uji polepole, huku akitafuta neno lingine.