Siri ya Mgomo Niliipeleka kwa Bosi, Akazikwa Asiye na Hatia

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tanga, na zaidi ya nusu ya utu uzima wangu nimeishi hapa Stockholm. Nimepanga chumba kimoja Hagsätra kwa bibi mmoja wa Kiswidi ambaye haulizi mengi. Alfajiri nasafisha ofisi, mchana nalala. Jina langu ni Mwanaidi. Sitalificha, maana kuficha ndiko kulikonifikisha hapa...

Nilikuwa na mume. Nilikuwa na nyumba Hässelby, yenye dirisha linalotazama miti. Yote yameniponyoka! Wapo wanaosema kwamba nilitembea na bosi wa kiwanda. Laiti ingekuwa hivyo! Mwili wangu sikumpa mtu. Nilichotoa ni maneno tu, na maneno hayo yalimmaliza mtu.

Mume wangu, Badru, ni Mganda. Wazazi wake walikimbia kwao yeye akiwa mchanga, akakulia Nairobi kabla ya kuja huku. Tulipojaliwa mapacha, Babirye na Kato, alianza kuniita Nnalongo, maana ndivyo kwao anavyoitwa mama wa mapacha. Mimi nikamwita Ssalongo. Miaka kumi na saba sikumsikia akinitaja kwa jina langu hata siku moja.

Sote wawili tulifanya kazi kiwanda cha viti vya magari, nje kidogo ya jiji. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikishona vitambaa vya viti, yeye alifunga vyuma vya chini. Wenye kiwanda walikuwa Wamarekani ambao hatukuwahi kuwaona. Bosi tuliyemjua ni Lennart, Mswidi mpole aliyekaribia kustaafu, anayekusalimu kwa jina na kukuuliza watoto.

Mtu wa tatu katika mkasa huu ni Mulumba, Mkongo wa Lubumbashi, fundi wa mashine. Kwa Badru alikuwa zaidi ya ndugu. Mapacha walipotaka kuzaliwa, theluji ikiwa imefika magotini, ni Mulumba aliyekuja na gari lake kunipeleka hospitali. Yeye na Badru wote walikuwa kwenye kamati ya chama cha wafanyakazi pale kiwandani. Badru ndiye mwenyekiti. Watu walimwamini, Waswidi kwa wageni.

Basi, taabu ikaanza. Magari yakawa hayauziki, na kiwanda kikaanza kuyumba. Wamarekani wakatuma ujumbe kwamba wataiomba serikali ya hapa idhamini mkopo wa kukiokoa. Wakatukumbusha kwamba kwao Marekani serikali iliwahi kuyaokoa makampuni ya magari yasife, na wafanyakazi wa kule walikubali kupunguziwa ili kazi zibaki. Nasi tukatakiwa tukubali mishahara ipunguzwe, kisha serikali ingeona kwamba kila mtu amejifunga mkanda.

Chama kikajibu, sawa, tutapunguziwa. Lakini nanyi mtie saini kwamba mashine hazitaondoka hapa. Mkikataa, tunagoma!

Mkataba wa zamani ulikuwa umekwisha muda wake, kwa hiyo kugoma tungeweza. Kantini ikajaa mori. Hata wanawake wa cherehani, ambao huwa hatuna neno, tulipiga meza.

Lakini mimi nilikuwa naogopa. Mnajua hofu ya mtu aliyewahi kulala kwenye sofa za watu? Miaka yangu ya kwanza hapa nilihama nyumba kumi na moja, mabegi mkononi. Ile nyumba ya Hässelby ndiyo ya kwanza niliyopigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Nikiwaza mgomo, niliona mabegi.

Jumapili moja asubuhi, tukinywa chai, Badru aliniambia jambo lililokuwa linamkera. Madereva wa malori, ambao wana chama chao, walikuwa wamekataa kutuunga mkono. Bila wao, alisema, mgomo wetu ungekuwa kelele tu. Viti vingetoka stoo na kupelekwa kama kawaida. Kamati ilikuwa imeamua kwa siri kwamba itawatisha Wamarekani mpaka dakika ya mwisho, lakini wakikataa kuahidi, itatia saini tu mishahara ipunguzwe.

"Hii maneno ikae hapa jikoni, Nnalongo," aliniambia. "Wakijua hatuna nguvu, tumekwisha."

"Nani nimwambie?" nilimjibu. Na wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Jumatano yake Lennart aliniita ofisini wakati wa kahawa. Hapa kahawa ndiyo heshima. Kulikuwa na mikate ya mdalasini, na alinimiminia mwenyewe. Aliuliza habari za mapacha. Kisha akasema hataki kuona familia zinaumia, na kwamba Wamarekani wakisikia neno mgomo watafunga kesho yake. Akasema anatengeneza orodha ya watu watakaopunguzwa kazi, na angependa sana majina yetu wawili yasiwemo.

Hakunitisha, wasomaji. Angenitisha ningenyanyuka. Aliniuliza tu, kwa sauti ya huruma, "Je, wanakusudia kweli kugoma?"

Na mimi... mimi Mwanaidi, mke wa mwenyekiti, nikafungua kinywa changu. Nikamwambia kwamba madereva wamekataa. Nikamwambia kwamba kamati itasaini hata bila ahadi. Nilijiambia kwamba namwokoa mume wangu na ubishi wake. Nilirudi kwenye cherehani yangu moyo ukiwa mwepesi kabisa! Hivi shetani huja na pembe? Kwangu alikuja na mkate wa mdalasini.

Siku ya majadiliano kamati iliingia na vifua mbele. Badru alinisimulia jioni yake uso ukiwa umemshuka. Alisema Lennart hata hakukunja uso. Aliwaambia, gomeni basi, madereva watachukua viti. Wakatazamana. Wakasaini bila ahadi yoyote.

"Mtu ametuuza," Badru alisema. "Ni watu watano tu tulijua."

Hakunihesabu mimi. Hata haikumpitia akilini kunihesabu!

Akaanza kuwapima wale watano mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Mulumba. Mulumba alikuwa ameingia ofisini kwa Lennart mara mbili wiki ile, kwa ajili ya mashine iliyoharibika. Na orodha ya wanaopunguzwa kazi ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Basi, ushahidi ukatosha.

Mkutano wa chama uliofuata mimi nilikuwepo, nimekaa safu ya nyuma. Badru alisimama akamtaja Mulumba mbele ya watu wote. Ukumbi ukapiga kelele. Mulumba alisimama polepole, kofia yake mkononi.

"Mimi? Badru, ni mimi unasema? Unanijua tangu tulifika hii inchi. Vraiment, kweli kabisa, wewe unaweza sema vile juu yangu?"

"Kama si wewe, nani?" Badru akamjibu.

Wasomaji, jibu la swali lile lilikuwa limekaa safu ya nyuma, limejifunga kilemba cha kijani! Nilijiambia nitasema kesho. Mulumba akaondolewa kwenye kamati kwa kura za mikono... na mimi nikanyoosha wangu, maana kila mtu alikuwa ananyoosha.

Kesho haikuja. Watu wakaacha kukaa naye kantini. Mtu akamwandikia neno baya kwenye kabati lake la nguo za kazi. Mke wake, Mama Furaha, alinipigia simu akilia, akaniuliza kama siwezi kuzungumza na mume wangu, maana baba Furaha halali wala hali. Nilimwambia nitajaribu. Mimi!

Serikali ikadhamini ule mkopo. Wakaja wakubwa kupiga picha, tukakatiwa keki, Lennart akasema kiwanda kimeokoka. Tulifanya kazi kwa mshahara uliopunguzwa, tukijipa moyo. Majira ya kupukutika majani yaliyofuata, malori yakaja. Hayakuja kuchukua viti. Yalikuja kuchukua mashine! Zilifunguliwa skrubu moja moja, zikapelekwa nchi nyingine ambako mishahara ni midogo zaidi. Nilisimama nikatazama cherehani yangu ikifungwa plastiki kama maiti. Orodha ya Lennart ikawa na majina yetu sote.

Mulumba alianguka bafuni kwake Rissne wiki ya pili baada ya kiwanda kufungwa. Kiharusi. Hakuamka tena.

Nyinyi mlio nyumbani hamjui, huku maiti hukaa wiki nyingi kabla ya kuzikwa. Mulumba alikaa wiki tatu. Siku ishirini na moja Mungu alinipa za kusema! Nilikwenda msibani kila siku. Nilipika, nikaosha vyombo, nikampangusa Mama Furaha machozi kwa mkono huu huu. Kanisani siku ya mazishi kulikuwa na viti vitupu vingi mno. Wafanyakazi hawakuja. Badru naye hakuja. Alibaki nyumbani amekaa sebuleni, koti amelivaa, hatoki wala halivui.

Sikusema.

Iligunduliwa kirahisi tu. Mwezi mmoja baadaye Badru alikutana na Lennart dukani mchana. Lennart, ambaye naye sasa hakuwa na kazi, alimshika mkono akamwambia, kwa wema kabisa, kwamba mke wake ni mwanamke mwenye busara, na lau si yeye kungekuwa na mgomo bure.

Badru alirudi na mfuko wa viazi. Aliuweka chini. Babirye alikuwa mezani na vitabu vyake.

"Mwanaidi," aliniita.

Nilijua hapo hapo. Miaka kumi na saba, na leo Mwanaidi!

"Ulimwambia nini Lennart?"

Nilimweleza yote. Nililia, nikasema niliogopa, nikasema nilifanya kwa ajili yetu. Hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuogopa naelewa," alisema. "Hata mimi niliogopa. Lakini mimi nilimtukana rafiki yangu mbele ya watu, na wewe ulikuwa umekaa pale. Uliniacha nimtukane. Tena ulienda kwa mazishi, ukakula chakula yake."

Babirye alikuwa akizungumza nami kwa Kiswidi kila siku, na siku ile pia. "Varför sa du ingenting, mamma?" Kwa nini hukusema kitu, mama? Niliokota ule mfuko wa viazi, nikaanza kumenya.

Badru aliondoka jioni ile ile. Watoto wakamfuata baada ya wiki. Nyumba ilibidi iuzwe, nami nikarudi kwenye mabegi yangu... yale yale niliyomkimbilia Lennart ili nisiyaone.

Nilipozidiwa nilipanda treni hadi Rissne, nikabisha kwa Mama Furaha. Alikuwa ameshasikia. Nilipiga magoti pale pale mlangoni, kwenye ngazi, majirani wakipita.

"Simama," aliniambia. "Usinipigie magoti. Mimi hukunitukana. Unataka msamaha? Basi enda useme pale walimsemea bwana yangu. Mbele ya wale wale."

Nilimwomba anipe muda. Akanitazama.

"Muda ulikuwa nao, Mama Kato."

Nilimtumia Badru ujumbe kwamba niko tayari kusema, na Jumamosi moja akawaita waliokuwa wafanyakazi wenzetu kwenye ukumbi ule ule wa chama. Hakuniangalia nilipoingia. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, Mama Furaha naye akiwemo. Nilisimama mbele, nikasema kwa Kiswidi, kisha kwa Kiswahili. Nilisema kwamba Mulumba hakumuuza mtu. Nilisema ni mimi, na nilisema kwa kahawa na kwa ahadi ya jina kutokuwemo kwenye orodha. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa nafuu wangenizomea! Mwanaume mmoja wa Kiswidi, mtu mzima, alifunika uso wake kwa mikono. Baadaye nikaambiwa ndiye aliyeandika lile neno kwenye kabati.

Badru alisimama baada yangu. Alimgeukia Mama Furaha. Akalia mbele za watu kama mtoto. Mama Furaha alimwendea, akamshika bega.

"Mumesikia wote," aliwaambia watu. "Mulumba si msaliti. Basi. Mwende mukaambie na watoto wenu."

Kisha akatoka, akapita karibu yangu hata ushungi wake ukanigusa. Hajasema nami mpaka leo.

Badru anaishi na watoto Hässelby, nyumba ya kupanga. Hataki kurudiana, na simlaumu. Kato hunitumia ujumbe sikukuu. Babirye bado.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mlioolewa na watu wanaobeba mizigo ya wengine, sikilizeni. Siri anayokupa mumeo jikoni si yako peke yako, ina watu wengi ndani yake. Tajiri akikukaribisha kahawa na kukuuliza habari za watoto, jiulize anataka kununua nini. Nilidhani naokoa kazi mbili. Hazikuokoka hata hizo mbili!

Lakini hilo si kubwa. Kuogopa kila mtu huogopa, na kukosea kila mtu hukosea. Kosa langu kubwa ni zile siku zilizofuata, moja baada ya nyingine, nilizoamka nikanyamaza. Nawasihi, kama kuna mtu anayebeba lawama yako hivi sasa unaposoma haya, weka chini usomacho, umwendee. Mwombe msamaha angali hai... angali na uwezo wa kukukatalia.