Nukta Nne za Namnyaki

"Mama Simel, hebu niambie wewe uliyekuwepo enzi zile. Wale watu waliofika mwezini, mbona hawaendi tena?"

Aliyeuliza ni jirani, Mama Rodrick, huku amenyoosha miguu kwenye kochi na macho hayabanduki kwenye televisheni. Kwenye kioo watu wenye kofia za ajabu walikuwa wakirushiana moto katikati ya nyota. Bibi Tabea, ambaye majirani walimwita Mama Simel kwa jina la mwanawe, alikuwa amekuja kurudisha ungo tu. Alisimama mlangoni akafikiri. Jibu hakuwa nalo. Akaweka ungo chini, akaaga, akaondoka na lile swali kichwani.

Mjukuu wake, Namnyaki, alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni hiyohiyo. Hata swali lenyewe hakulisikia.

Namnyaki alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Aliishi na bibi yake katika kijiji cha Olmotonyi, kwenye mteremko wa Mlima Meru, kwa sababu wazazi wake waliuza nguo mjini Levolosi na walikuwa na chumba kimoja tu. Kila alfajiri alichota maji, akafagia uwanja, akamkatia ng'ombe majani, kisha akanywa chai na kwenda shule. Yeye alimwita bibi yake Koko, kama watoto wote wa Kiarusha wanavyomwita bibi. Hakuwa mtoto mvivu. Lakini nyumba ya Mama Rodrick ilipakana na uzio wa shule, na juu ya bati lake palikuwa na dishi kubwa jeupe. Kila siku saa kumi na mbili jioni ilioneshwa tamthilia ya Kimeksiko, ya msichana maskini na tajiri kipofu, na kesho yake saa nne asubuhi ikarudiwa. Namnyaki aliyajua majina ya watu wa tamthilia kuliko majina ya binamu zake.

Mwezi wa Mei mwaka 2004 Mwalimu Lerionka, aliyefundisha sayansi, aliingia darasani akiwa na furaha ambayo wanafunzi hawakuizoea.

"Jumanne tarehe nane Juni," alisema, "sayari ya Zuhura, ile mnayoiita nyota ya jioni, itapita mbele ya jua. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1882. Hakuna mtu aliye hai leo, hata mzungu, aliyewahi kuliona jambo hili. Shule moja ya usharika rafiki wetu kule Ujerumani itaweka alama kila robo saa, na sisi tutaweka alama saa zilezile. Tukilinganisha karatasi zao na zetu, kwa hesabu tutajua jua liko mbali kiasi gani. Mchungaji mgeni wetu aliyetoka huko anaondoka Alhamisi ya wiki hiyo, ataibeba karatasi yetu. Sasa, darubini tutaipata wapi?"

Namnyaki alinyoosha mkono. "Bibi yangu anayo."

Ilikuwa darubini ya macho mawili, ya marehemu babu yake, Lesikar, aliyekuwa mlinzi wa msitu. Kwa miaka ishirini na miwili Lesikar alikaa juu ya mnara wa mbao akitazama kama kuna moshi Meru. Koko aliitunza sandukuni, imeviringishwa kwenye kitenge, pamoja na madaftari yake ya zamu.

"Mwaka ule wa mwezini," Koko alisimulia akiifuta vumbi, "tuliwasikia kwa redio ya betri. Babu yako akatoka nje akautazama mwezi kwa darubini hii. Nikamcheka, nikamwuliza, 'Unamwona mtu?' Akasema, 'Simwoni. Lakini mjukuu wetu ataona mambo ya mbali kuliko haya.' Mjukuu mwenyewe ndiye wewe. Chukua. Usiiache peke yake."

"Siiachi, Koko."

Jumanne ilipofika, Mwalimu aliifunga darubini kwa mpira wa tairi juu ya kigoda kirefu, akaziba jicho lake moja. "Atakayeweka jicho hapa atapofuka papo hapo," alionya. "Jua halitazamwi. Tunaliacha lenyewe lishuke kwenye karatasi."

Na kweli lilishuka. Kwenye karatasi ya manila palitokea duara la mwanga, sawa na kisosi cha chai. Saa mbili na robo, ukingoni mwa duara hilo, ikaingia nukta nyeusi kama punje ya ulezi. Darasa zima liliinamia karatasi.

"Hiyo punje," alisema Mwalimu polepole, "ni dunia nzima. Ukubwa wake karibu sawa na hii tunayoikanyaga."

Kila mwanafunzi aliyechaguliwa alipewa zamu ya saa moja. Kazi ilikuwa kulinganisha mwanga na duara lililochorwa, kisha kuweka nukta ya penseli mahali punje ilipo, kila robo saa. Zamu ya Namnyaki ilikuwa kuanzia saa nne hadi saa tano. Mwalimu alimwachia saa yake ya mkononi, akaenda kufundisha darasa la saba.

Dakika tatu tu baadaye wingu likashuka kutoka Meru. Mwanga ukafifia, duara likafutika. Namnyaki akangoja. Akapuliza vidole kwa baridi. Hapo hapo, ng'ambo ya uzio, muziki wa tamthilia ukaanza, na Mama Rodrick alikuwa ameongeza sauti.

Jana jioni umeme ulikatika tajiri kipofu akiwa kitandani hospitali, bandeji machoni, daktari ameshika mkasi.

"Wingu lenyewe hili haliondoki leo," Namnyaki alijiambia. "Nachungulia tu bandeji ikitolewa."

Alipita kwenye tundu la uzio akiwa na sare yake. Bandeji ilitolewa, tajiri akaona, Mama Rodrick akalia, na Namnyaki akalia pia. Alipokumbuka kuitazama saa ya Mwalimu, saa tano ilikuwa imepita kwa dakika mbili. Alitoka mbio. Nje jua lilikuwa linawaka, na ile punje nyeusi ilikuwa imesogea bila yeye.

Akachukua rula, akafuata mstari wa nukta za wenzake, akaweka nukta nne nzuri zenye nafasi sawa: saa nne na robo, na nusu, kasorobo, na saa tano. Alikuwa ndiyo anaondoa mkono wakati Gidion alipofika kupokea zamu.

"Zako zimenyooka kweli," Gidion alimsifu. "Kama umechora kwa mashine."

Namnyaki alicheka kidogo, akaondoka.

Jioni ile alimwonesha bibi yake nakala aliyoichora kwenye daftari. Koko alikuwa ameketi uwanjani akichagua maharage. Akaifuata njia ya Zuhura kwa kidole chenye ufa wa jembe, nukta baada ya nukta, hadi kidole kikasimama.

"Hizi ni za saa ngapi?"

"Saa nne na robo, Koko. Na saa nne na nusu. Zamu yangu hiyo."

"Uliziona?"

"Ndiyo, Koko."

Koko hakuinua sauti. Alikuwa mtu wa sala, na hasira yake ilipokuwa kubwa ndipo alipozungumza taratibu zaidi. "Redio ilipotangaza saa nne nilikimbia kuanua maharage haya, kwa sababu wingu lilikuwa limefunika mpaka juu ya paa letu. Nimeyaanika tena kipindi cha salamu kilipokwisha, nusu saa baadaye. Sasa nieleze. Hilo jua lako ulilipata wapi?"

Namnyaki alitazama chini. Maharage yalikuwa mengi kwenye ungo, kila moja na madoa yake.

"Nilikuwa kwa Mama Rodrick," alisema mwishowe.

Koko aliinuka akaingia ndani. Alirudi na daftari lenye jalada lililoliwa na mende, akalifungua juu ya magoti ya mjukuu wake. "Soma. Kwa sauti."

"Saa tatu: wazi, hakuna moshi. Saa nne: ukungu, sikuona. Saa tano: ukungu, sikuona."

"Fungua mbele."

"Saa sita: ukungu, sikuona. Saa nane: sikuwepo. Nilishuka kumpeleka mke wangu hospitali."

"Siku hiyo nilikuwa namzaa baba yako," alisema Koko. "Bwana Misitu, mkubwa wake wa kazi, alimfokea kwa neno hilo 'sikuwepo'. Babu yako akamjibu, 'Ulitaka niandike kwamba niliuona msitu nikiwa hospitali?' Namnyaki, huyu mtu angeandika 'hakuna moshi' siku ambayo haoni, msitu ungewaka na watu huku chini wamelala, wakiamini juu kule yuko mtu anayetazama. Wewe umewafanyia watu hivyo. Kwa darubini yake!"

Machozi yalimtoka Namnyaki. "Nisamehe, Koko. Usiku huu nitamwomba Mungu msamaha."

"Mungu utamwomba. Lakini usimtume yeye kwa Mwalimu. Kwa Mwalimu utakwenda kwa miguu yako."

Kesho yake asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Namnyaki alisimama mbele ya darasa, akasema yote. Nyuma mtu akapaza sauti, "Mama Tamthilia!" Darasa likaangua kicheko. Gidion peke yake hakucheka. Alisimama.

"Nukta yangu ya kwanza haikukaa kwenye mstari wako," alisema. "Nilidhani nimekosea mimi! Niliifuta, nikaisogeza ifuate zako. Niliona sawasawa, halafu nikajidanganya mwenyewe kwa sababu yako!"

Kicheko kikakatika.

Mwalimu Lerionka alikuwa ameshika karatasi ya manila. Mikono yake ilitulia lakini uso ulikuwa umebadilika. "Mlikuwa mnacheka nini?" alifoka. "Sayari hii itapita tena baada ya miaka minane, nayo siku hiyo itatukuta jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya mlima. Baada ya hapo ni zaidi ya miaka mia moja. Nyinyi mtakuwa udongo, na watoto wenu pia! Namnyaki, nilikupa saa moja tu katika miaka mia na ishirini. Moja!"

Alivuta pumzi. Akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, na alama ya penseli iliyofutwa na Gidion ilionekana bado. "Hii tutairudisha. Gidion, weka nukta yako pale macho yako yalipoiona. Namnyaki, njoo. Usifute chochote. Kata nukta zako nne, kila moja kwa mstari mmoja, zionekane kwamba zilikuwepo. Halafu andika pembeni kilichotokea."

Namnyaki alishika kalamu. Aliandika mbele ya wote: *Saa nne na dakika tatu: wingu, haikuonekana. Baada ya hapo hadi saa tano: sikuwepo.* Chini yake akaandika jina lake lote.

"Tumebakiwa na nukta kumi na tisa za kweli," alisema Mwalimu. "Zinatosha. Wenzetu watahesabu kwa pengo, wala pengo si aibu. Kwa uongo hawawezi kuhesabu, maana uongo haukai peke yake; jana umemwingia Gidion, na kesho ungeingia Ujerumani. Asiyeona aandike hakuona. Hiyo ndiyo kazi yote ya kutazama."

Karatasi ilikunjwa na mapengo yake, ikapelekwa kwa mchungaji mchana uleule. Namnyaki alimfuata Gidion uwanjani kumwomba radhi. Gidion akasema, "Sawa. Lakini nimekasirika bado."

"Hata mimi," alisema Namnyaki.

Jioni Koko alimpokea mjukuu wake, aliyekuwa amebeba darubini, kwenye lango la shule. Hawakwenda nyumbani. Koko aliongoza moja kwa moja hadi kwa Mama Rodrick, ambaye alikuwa amekwisha kuketi kwenye kochi kungoja saa kumi na mbili.

"Shikamoo, Mama Simel! Karibuni, chai ipo."

"Marahaba. Sikuja kwa chai. Mtoto aliingia humu jana saa nne asubuhi akiwa na sare. Hukumwuliza ametoka wapi?"

"Jamani, Mama Simel, si mtoto tu! Na ilikuwa siku ile tajiri anafumbua macho. Hata wewe ungelia."

"Uliniuliza swali," alisema Koko. "Waliofika mwezini, mbona hawaendi tena. Nimetembea na swali lako wiki nyingi, nikilima nalo, nikisali nalo. Sasa jibu ninalo."

"Enhe?"

"Waliketi. Walirudi, wakaketi kwenye makochi, wakaanza kutazama watu wa bandia wakifika mbali kuliko wao. Nasi tumekwenda madukani, tumenunua vioo hivi, tumeketi nao. Mbingu ziko palepale Mungu alipoziweka. Jana Zuhura imepita juu ya bati hili, juu ya dishi lako hilo, kwa muda wa saa sita nzima, na wewe Mama Rodrick hukufika hata mlangoni! Ukalia kwa ajili ya mtu aliyejifanya kipofu. Sikatazi mtu kupumzika akimaliza kazi yake. Nakataa mtu kuacha zamu yake ili atazame wengine wakiigiza maisha. Namnyaki, umenisikia?"

"Nimesikia, Koko."

Muziki wa tamthilia ukaanza. Mama Rodrick akaitazama televisheni, akamtazama Koko, kisha akapigapiga nafasi iliyokuwa wazi kando yake kwenye kochi.

"Basi yaishe, mama. Namnyaki mwanangu, kaa hata dakika tano. Leo wanafunga ndoa."

Kwenye kioo msichana maskini alikuwa ameshavaa gauni jeupe. Namnyaki alimwona. Kisha akaichukua darubini ya babu yake aliyokuwa ameiweka juu ya meza walipoingia, akaivaa shingoni, akatoka nje.