Karatasi Mbili za Asakusa

Foleni ndiyo iliyowakutanisha. Mkahawa wa tempura, vyakula vya kukaanga, pale Asakusa ulikuwa umejaa hadi mlangoni, mhudumu akawaketisha meza moja watu wasiojuana: Chisato, nesi wa Akita, koti lake la rangi ya haradali, na Nobuteru, fundi wa lifti kutoka Takamatsu, viatu vyake vimeng'arishwa kupita kiasi. Wote wageni Tokyo, likizo ya siku tatu.

"Kamba wa kukaanga wako sawa, ila wali umelowa," Nobuteru akatangaza.

"Kaka, umekuja kula au kukagua?"

"Ungekula tambi za kwetu, dada, ungelia."

"Si ungebaki na tambi zako, sasa," Chisato akasema, akimsogezea chai.

Ikafuata miezi minane ya simu. Machi wakarudi Asakusa, wakala palepale, wakapanda boti mto Sumida, wakakubaliana kwamba madaraja ni mengi mno. Mbele ya hekalu, moshi wa udi ukiwaingia machoni, Nobuteru akamwomba waoane, ahamie Takamatsu. Chisato hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimpenda, tena sana, lakini kuiacha Akita na kazi ya miaka kumi si mchezo.

"Tuvute kwanza karatasi za bahati," akasema.

Kila mmoja akatikisa mkebe, akatoa kijiti chenye namba, akafungua droo ya namba hiyo, akachukua karatasi ya ubashiri, akasoma kimya. Chisato akaikunja yake upesi na kuitia mkobani. Nobuteru akatabasamu kidogo, kisha akaenda kuifunga yake kwenye waya, kati ya mamia ya nyingine.

Chisato akaliona fundo. Karatasi mbaya ndiyo hufungwa pale, mkosi wake ubaki hekaluni. Nzuri mtu huenda nayo kwake. Nani asiyejua hilo?

"Naenda msalani," akasema, akashika njia ya kituo cha treni.

Simu ikamkuta akishuka ngazi za kituo.

"Uko wapi, mpenzi? Foleni ya choo imefika Akita?"

"Usinitanie, Nobuteru. Nimekuona ukiifunga."

"Ndiyo, nimeifunga. Bahati kuu ile! Ndoa njema, kuhama kwema. Bibi yangu alitufundisha nzuri ndiyo ya kufunga, isije ikadondoka njiani."

Chisato akasimama katikati ya ngazi. Watu wakampita kushoto na kulia.

"Na yako je? Uliificha kama umeiiba."

"Mbaya," akasema. "Kila mstari mbaya. Ningeifunga, ungejua."

"Kwa hiyo mimi nimeiacha bahati hekaluni, wewe unatembea na mkosi mkobani? Hivi tuna akili sisi?"

Chisato akacheka bila kutaka. Akapanda ngazi kurudi hekaluni.

Alimkuta kasimama palepale kwenye waya, viatu vimejaa vumbi. Alitoa karatasi yake, akaifunga kando ya ile ya Nobuteru, akakaza fundo mara mbili.

"Sasa hatuna kitu mkononi," Nobuteru akasema.

"Hatuna." Chisato akamshika mkono. "Nitahamia. Ila nikizikuta hizo tambi zenu ni za kawaida, narudi Akita."

"Utalia, nakwambia."

"Nimeshaanza," akajibu, akitafuta leso.