Mkate Alioung'ata Muhayyo

Siku Muhayyo alipoondoka, mkate ule ulikuwa na alama moja tu ya meno. Siku ya tatu zilikuwa mbili.

Savri aliiona ya pili alipokuwa anapangusa vumbi ukutani. Ile ya kwanza aliijua, maana aliiona ikitiwa: Muhayyo amesimama mlangoni na begi lake la safari ya Urusi, anang'ata pembe ya mkate kama desturi inavyotaka, anatafuna huku machozi yanamtoka, kisha anamkabidhi rafiki yake uliobaki. Mkate wa msafiri hutundikwa msumarini, na hauguswi na mtu mpaka mwenyewe arudi aumalize. Riziki yake iliyobaki nyumbani ndiyo inayomvuta njiani.

Alama ya pili ilikuwa upande wa chini, ndogo, na pembezoni mwake palikuwa na weusi.

"Panya," Savri alijiambia. Lakini panya haachi safu ya meno iliyonyooka.

Nyumba tatu za ua ule, kule Istaravshan, zilitumia tanuri moja. Savri, Oydina na Muhayyo walioka mkate hapo kwa zamu tangu walipoletwa wakiwa maharusi. Aliyeishiwa chumvi aliichukua kwa mwenzake bila kubisha hodi. Muhayyo alipofiwa na mumewe, wale wawili walimpikia siku arobaini, na hakuna aliyeuliza leo ni zamu ya nani. Aliachiwa binti mmoja, Nozanin, wa miaka sita, na hakuwa na cha kumlisha. Ndiyo maana aliamua kwenda Urusi kufagia theluji kwa miaka miwili, na mtoto akamwachia Savri.

Wiki moja kabla ya safari, tanuri lilipasuka. Muhayyo alikuwa mjini anafuatilia tiketi, hivyo Savri na Oydina wakalibomoa wenyewe. Chini ya majivu ya miaka mingi, jembe la Oydina likagonga bati. Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu za dhahabu za zama maamiri walipotawala nchi, zimefungwa kwenye kitambaa kilichooza.

"Tukae kimya," Oydina alinong'ona, ingawa hakuna aliyekuwa amesema.

"Hizi ni za watatu, shoga. Tanuri ni la watatu."

"Aliyechimba nani? Angalia viganja vyako."

"Akipata fungu lake, haendi tena Urusi. Atabaki na mtoto wake."

"Na wewe mwanao utamuoza kwa nini, kwa vitunguu? Wakwe watarajiwa wameshakucheka mara ngapi? Mwache aende, atapata zake huko. Wangapi wameenda?"

Savri hakujibu, na kutojibu kwake ndiko kulikokuwa kukubali. Kwa haraka ya kuficha, wakayazoa majivu wakayamwaga nyuma ya ukuta, jua likizama, bila bismillahi. Hata mtoto wa kule anajua kwamba majivu ndiyo makao ya ajina, jini mwenye njaa, na kwamba hayamwagwi magharibi bila kumwomba radhi.

Muhayyo aliporudi, aliona malengelenge viganjani mwa Savri.

"Mmenitia aibu, mashoga zangu. Mmechimba peke yenu, mimi natembea mjini kama binti wa gavana." Akaleta mafuta ya mkia wa kondoo, akampaka Savri kidole kimoja kimoja, taratibu, akipuliza. Savri aliangalia pembeni muda wote.

Ijumaa ya kwanza Muhayyo alipiga simu. Alicheka kuhusu baridi, akasema pua yake imekuwa nyekundu kama ya mlevi. Kisha akauliza, "Hivi Savri, mlango wetu una rangi gani? Nimelala nikiuwazia, rangi haiji."

"Bluu, wewe. Uliupaka mwenyewe."

"Eti eeh? Bluu."

Jioni ile alama zilikuwa tatu.

Ijumaa ya pili Muhayyo hakukumbuka mumewe alizikwa wapi. Ijumaa ya tatu aliongea kama mtu anayezungumza na jirani mgeni, kwa adabu nyingi. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Usinicheke. Huyo mdogo uliyenaye hapo... jina lake limenitoka. Ni uchovu tu. Niambie."

"Nozanin," alisema.

"Nozanin. Jina zuri."

Mkate ulikuwa umebaki nusu. Savri alimshika mtoto mkono, akamburuta mpaka chini ya msumari. "Ni wewe unayekula mkate wa mama yako? Sema." Akampiga kofi. Nozanin alifungua kinywa kulia, na Savri akaona ufizi mtupu mbele, pale meno mawili yalipong'oka mwezi uliopita. Alama za kwenye mkate hazikuwa na pengo. Akapiga magoti akamkumbatia mtoto, na mtoto, aliyepigwa bila kosa, ndiye aliyempangusa yeye machozi kwa ncha ya mtandio.

Angeweza kusema siku ileile. Lakini wiki ile ilikuwa ya posa ya mwanawe, na nguo za bibi harusi zilikuwa zimeshanunuliwa kwa nusu ya fungu lake. Akajiambia, posa ikipita.

Posa ilipita. Kesho yake mchana, watu wote wakiwa wamejifungia ndani kwa ajili ya joto, Savri alikuwa uani anaanua nguo alipopata harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, nzito, ya kukaba koo. Akasikia pia mtafuno, wa mkate mkavu, wa mtu asiye na haraka, ukitoka chumbani ambamo hamkuwa na mtu. Akasogea mlangoni hatua moja, kisha nyingine, nguo zikiwa bado mikononi mwake kana kwamba zingemkinga, akaona mkate unayumba kwenye uzi wake ilhali upepo haukuwepo, na makombo yanadondoka lakini hayafiki sakafuni, yanapotea katikati ya hewa kwenye usawa wa kinywa cha mtu mfupi, na juu ya chokaa nyeupe, pembeni mwa msumari, kiganja cha majivu kilikuwa kinajichora kidole baada ya kidole, kama mtu aliyejishikiza ukutani ili ale vizuri.

Alikimbia bila viatu mpaka kwa Oydina.

"Fungu lako liko wapi?"

"Polepole, watu watasikia."

"Ajina anamla Muhayyo, Oydina. Si mkate anaokula. Anamla Muhayyo."

Walimwita Bibi Zaynura, mganga wa mtaa wa watengeneza visu, mwanamke mkavu aliyesikia vibaya sikio moja. Aliunusa ukuta, akaketi.

"Fedha ya chini ya tanuri ina mlinzi," alisema. "Wanaoipata huigawa kwa wote wanaokula mkate wa tanuri hilo, na mkate wa kwanza wanampa yeye, anashiba, anaondoka. Nani hakugawiwa?"

Wakamtaja.

"Basi anakula kwa huyo mliyemruka. Kila tonge ni kipande cha njia yake ya kurudi." Aliwatazama bila hasira, na hilo ndilo lililowaumiza. "Leteni yote. Dhahabu iliyobaki, na thamani ya iliyouzwa. Isipungue hata moja. Kisha mmpigie mumwambie kwa vinywa vyenu."

Savri aliuza cherehani, zulia la ukutani na vipuli vya mahari yake. Ilimchukua siku mbili, na mwanawe hakusema naye. Mkate ulikuwa umebaki kama kiganja cha mtoto.

Siku ya tatu walitandika kitambaa cha chakula uani, saa nne asubuhi. Savri aliweka fungu lake. Oydina akaweka lake. Bibi Zaynura akatoa mkate mzima, mpya, bado wa moto.

"Aapaye na aape."

Savri aliuinua mkate, akauweka juu ya macho yake. "Ndiyo yote. Nikidanganya, mkate huu unipofushe."

Oydina akaupokea. Akauweka machoni. "Ndiyo yote."

Ndani ya nyumba mtafuno ukaanza.

Haukuwa wa polepole tena. Bibi Zaynura, na uziwi wake wote, aligeuza kichwa. Savri alikuwa wa kwanza kufika chumbani. Uzi ulikuwa bado unayumba. Msumarini hapakuwa na kitu, na ukutani viganja vya majivu sasa vilikuwa viwili, vinaelekea dirishani.

"Ameshiba, ameondoka," mganga alisema toka mlangoni. "Hamtamsikia tena." Hakulisema kama habari njema.

Oydina alikuwa ameketi chini uani. "Mbili tu," alisema. "Nilizishona kwenye gauni la harusi la binti yangu. Nilidhani mbili hazihesabiki."

Savri alitafuta neno la kumtukana. Alikumbuka siku ya kopo, na lile swali ambalo hakulijibu.

Akachukua simu. Iliita muda mrefu.

"Muhayyo. Muhayyo, ni mimi Savri. Sikiliza, rudi nyumbani. Kuna fedha, fungu lako lipo, lilikuwepo tangu mwanzo, tulikuficha. Nitukane utakavyo lakini panda ndege leo."

Upande wa pili palisikika fagio likikwaruza barafu, kisha likatulia.

"Umekosea namba, dada yangu," sauti ya Muhayyo ilisema. "Samahani sana. Unalia? Usilie. Natumaini utampata unayemtafuta."

Nozanin alikuwa ameshafika, amesimama anaivuta sketi ya Savri. Ijumaa tatu hakupewa simu. Kila mara aliambiwa mama amechoka. Aliidaka mkononi mwa Savri kabla hajazuiwa.

"Mama. Ni mimi."

Fagio lilikwaruza barafu mara moja tena.

"Una sauti nzuri, mtoto," sauti ilisema. "Wewe ni wa nani?"

Nozanin alijinyoosha, kama alivyofundishwa kujibu watu wazima wanapouliza. "Wa Muhayyo."

"Basi huyo Muhayyo ana bahati," sauti ilisema, kwa upole uleule, na simu ikakatika.

Nozanin alibaki ameishikilia sikioni, anatabasamu na pengo lake, anangoja iendelee.