Wito wa Kwanza Hauitikiwi

Shurooq, mjukuu wa jirani yangu Masouda hapa mtaani Ruwi, siku ile alikunywa chai kwa mkate wa kumimina kama kawaida. Alikuwa anamalizia udaktari, yumo wodini kwa mafunzo, huku kaomba nafasi ya kusomea upasuaji.

"Daktari Ghadeer asiponisifia, bibi, miaka yote hii imekwenda maji."

"Nenda. Lakini usiitike wito wa usiyemwona uso. Ngoja wa tatu. Jini haiti mara tatu."

"Nikingoja wa tatu nshafukuzwa!"

"Fukuzwa. Bora."

Ghadeer, daktari anayewasimamia wodini, ulimi wake pilipili. Mwanafunzi akichelewa kuitika, humuuliza mbele ya wagonjwa: "Umekufa?" Basi Shurooq kazoea kuitika jina halijesha kutajwa.

Adhuhuri wodi ilitulia. Kwenye kitanda cha dirishani alilazwa ajuza mmoja, hana wa kumtazama, wala hajasema neno tangu aletwe. Pazia lake limefungwa.

"Shurooq!"

Sauti ya Ghadeer. Nyuma ya pazia.

"Naam, daktari!"

Akalivuta. Ghadeer hayupo. Ajuza peke yake, macho yamemkodolea, kinywa wazi. Kafa. Tena kesha kuwa baridi.

Shurooq akataka kupiga ukelele. Haukutoka.

Mlango wa mbali ukafunguliwa. Ghadeer huyo, ndo kwanza anaingia.

"Shurooq! Umekufa?"

Akafungua kinywa. Kimya.

"Naam, daktari."

Sauti yake mwenyewe, laini, yenye adabu. Ilitoka kitandani. Midomo ya maiti haikutikisika.

Madaktari walimchungulia koo, wakaliona zima. Akarudishwa nyumbani, bubu. Masouda hakulia. "Nlikwambia," akasema, akafukiza ubani. Haukusaidia kitu.

Siku ya usaili wa ile nafasi, wa kupigiwa simu, Shurooq alikaa jikoni, simu kaizima. Jioni akaiwasha, akakuta ujumbe: hongera, umejibu vizuri kuliko wote, nafasi ya upasuaji ni yako.

Hakwenda kuripoti. Angekwenda vipi?

Lakini wenzake wanaapa. Ghadeer akiita, nyuma ya pazia mtu huitika kwa sauti ya Shurooq, wito wa kwanza tu.

Na koti jeupe la Shurooq limetundikwa chumbani kwa Masouda, hakuna anayeligusa. Kila magharibi mikono ya koti hilo huwa imelowa damu. Mbichi, bado ina moto.