Mkasi wa Bibi Stefania

Haradali ndiyo iliyowakutanisha, tuseme ukweli. Jumamosi ile ukumbi wa maonyesho ya kadi, kule karibu na uwanja wa ndege wa Cleveland, ulikuwa umefurika. Meza kwa meza kadi za picha za wachezaji wa besiboli wa zamani, na wanaume wazima wameziinamia kama wanatafuta pini. Corinne Zalewski akakatiza katikati yao na gauni lake la kijani na buti za njano, kadi ya bibi yake kaibeba ndani ya mfuko wa mkate. Kugeuka tu, kagongana na kaka mmoja anayekula hotdogi.

Yule kaka akaitupa hotdogi nzima kwenye pipa la taka.

"Samahani, dada. Haradali isiisogelee kadi ya mwaka hamsini na mbili."

"Umejuaje mwaka?"

"Ndiyo kazi yangu. Nazipima, nazipa namba, moja mpaka kumi, halafu zinakwenda mnadani." Akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Tavian Boykin. Na wewe kadi unaibebaje kama mkate?"

"Sina sanduku la dhahabu. Tazama, usinichoshe."

Akatazama. Pembe kali, rangi bado mbichi, mdakaji Bud Karski anacheka, glavu yake mkononi. Corinne, ambaye ni msusi, yeye alitazama ndevu za kaka zilivyochongwa, akajisemea kinyozi wa huyu apewe zawadi.

"Saba," Tavian akasema. "Hii ni saba kabisa."

Corinne nusura apae. Kadi ya saba ni saluni. Saluni yake mwenyewe, jina lake mlangoni, si kukodi kiti kwa watu na kusimangwa kwa taulo.

Baada ya hapo ni simu tu, asubuhi na jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula pirogi za bibi, zile sambusa zake za kuchemsha."

"Namba ngapi?"

"Tisa."

"Tisa haitolewi hovyo hovyo. Inabidi nije nikague."

Akaja, akakagua mpaka sahani ikabaki nyeupe. Bibi Stefania akamnong'oneza mjukuu wake asimwache huyu, na alinong'ona hivi kwamba hata jirani alisikia.

Basi kadi ikapelekwa kazini kwa kina Tavian. Kule zinafika bila jina la mwenyewe, na hii ikaangukia meza ya mpimaji mwingine. Ikarudi ndani ya plastiki ngumu, na pale pa namba neno moja: IMEKATWA. Mtu alipunguza ukingo, na kadi iliyopunguzwa haipewi namba.

Corinne akashika simu.

"Uliniambia saba."

"Nilikadiria kwa macho. Sikuweka rula."

"Kazi yako ni rula, Tavian."

"Najua. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Usiniletee maneno matamu. Ulitaka namba yangu ya simu, ukanisifia kadi. Nimeshawaaga kazini. Rangi ya ukuta nimeshachagua."

"Corinne, mama, nisikilize..."

Akakata. Kucheka watamcheka, hilo angelivumilia. Kilichomchoma ni kuona kwamba hata mapenzi yenyewe yalianza kwa uongo.

Sasa msikie Gaffney, mwenye nyumba ya mnada, ambako Corinne alikuwa ameshaiandikisha kadi. "Katalogi imeshachapwa, inasema saba kwa makadirio. Tuitoe kwenye plastiki, tuinadi hivyo hivyo. Kazi yako ni kunyamaza."

Corinne akasema sawa. Akarudi nyumbani, hiyo sawa haimtoki kichwani. Bibi alikuwa jikoni anasukuma unga.

"Bibi, kadi aliikata nani?"

"Mimi. Kwa mkasi wa kushonea."

"Bibi jamani."

"Jamani nini? Haikuingia kwenye pochi. Nilikuwa nakwenda nayo uwanjani Jumapili, baba anajua niko kanisani. Ningeitunza kabatini kwa ajili ya nani? Wewe hukuwepo."

"Na Tavian hakuona kweli?"

"Yule? Alipokuja hapa alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote, macho kwako. Angepima nini?"

Corinne akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akapiga simu.

"Njoo mnadani. Uje na rula."

"Kampuni hairuhusu tuzungumzie kadi hadharani."

"Nimekuuliza kampuni?"

"Nivae suti gani, bosi?"

Alivaa ya kijivu. Corinne nyekundu, tena ya kubana, midomo rangi hiyo hiyo. Gaffney akapanda jukwaani, akasoma: pembe kali, takriban saba.

Corinne akasimama. "Si saba. Imekatwa."

"Dada, kaa chini."

"Sikai. Kadi yangu, mkasi wa bibi yangu."

Tavian akapita mbele, akaiwekea rula kadi mbele ya wote. "Imepungua. Na aliyesema saba ni mimi, bila kupima. Naitwa Tavian Boykin. Anayetaka kunishtaki kazini, aandike."

Ukumbi ukavuma kama nyuki. Corinne akaupandishia sauti. "Huyu Karski aliingizwa uwanjani na msichana aliyemdanganya baba yake. Anayemtaka hivyo alivyo, anyooshe mkono. Anayetaka saba, atafute kwingine."

Wengi wakakunja mikono. Mzee mmoja akanyoosha, kisha mama mmoja wa nyuma, bei ikajikongoja mpaka ikachoka. Nyundo ikagonga. Pesa za viti viwili na kioo. Saluni nzima, hapana.

"Hutauza tena kitu katika nyumba hii," Gaffney akasema, mashavu mekundu.

"Sina kingine cha kuuza." Corinne akamshika Tavian mkono. "Huyu siuzi."

Wakatoka, visigino vinagonga sakafu. Mlangoni Tavian akapunguza mwendo.

"Ile ilikuwa posa?"

"Ipokee unavyotaka. Ila nijibu kabla hatujafika kwenye gari, nina viti vya kununua."

Gari lilikuwa mbali. Tavian hakuhitaji umbali wote huo kusema ndiyo.