Nilimsitiri Mchumba Wangu, Akaondoka na Bomba Langu

Nina miaka ishirini na tatu, mkazi wa Dunda, Bagamoyo. Shule niliishia kidato cha pili. Mimi ni mtu wa kucheka, hata nikiwa na njaa nacheka... ila hili limenishinda.

Nilikuwa nachomelea vyuma kwenye karakana ya mchumba wangu, Shabani. Posa ilishapokelewa. Siku moja wakaja watafiti wa bahari, meli yao imetia nanga Mbegani. Walitaka bomba zito la kushushwa kwa kamba hadi chini kabisa ya bahari kuu, lizame kwenye tope na kurudi nalo juu. Lao lilikuwa likifika tupu, tope lote limemwagika njiani.

Shabani alijaribu vifuniko, vikagoma. Mimi nikakumbuka dema, mtego aliokuwa akisuka marehemu baba: samaki anaingia, kutoka hawezi. Nikakata bati jembamba, nikatoa vidole vinavyoelekea ndani na juu, nikavifunga mdomoni mwa bomba. Tukalijaribu kwenye tope la mikoko... likatoka limejaa! Nikaanza kujiona niko melini, nalitazama bomba langu likizama.

Watafiti waliporudi, mkubwa wao akauliza nani kabuni ule mdomo.

"Mimi, bosi," Shabani akajibu. "Huyu kazi yake kunishikia tochi na kunichekesha."

Wakacheka. Yule mkubwa akanigeukia. "Eti dada?"

Ningemwaibisha mume mtarajiwa mbele ya wageni? Kwetu mwanamke analelewa kusitiri. Nikasema, "Ndiyo, ni yeye."

Wakamchukua melini, na kazi wakampa.

Alipiga simu mara moja tu. "Zuhura mama, vidole vinakatika huku. Nifanyeje?"

Nikamwelekeza... bati lipi, alikunje vipi. Nilikuwa na raha kusikia sauti yake, jamani. Akasema ahsante mama, ntakupigia. Hakupiga. Akaja shangazi yake kumwambia mama kuwa posa imevunjika, Shabani kapata mwenzake huko huko kazini.

Nilikwenda Mbegani kujieleza. Mtafiti mmoja aliyebaki nchi kavu alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza, "Si wewe uliyetuambia ni yeye?"

Nikarudi zangu Dunda.

Karakana imefungwa. Nauza chapati. Wateja wakiuliza mbona siku hizi sicheki, nasema jino linaniuma.

Dada yangu unayesoma, msitiri mwenzio aibu yake, kuna thawabu. Lakini ukiulizwa kazi ya mikono yako, sema ni yako, hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi sauti nimeipata leo... na meli ilishaondoka.